Joto la Sikioni

Kofia zilikaa kwenye friza ya kantini, rafu ya chini, chini ya mifuko ya samaki, na kila moja ilikuwa na namba iliyoandikwa kwa wino mzito. Saa moja kasorobo asubuhi wafanyakazi tisa wa chumba cha tanuri walipanga foleni, kila mmoja akapokea kofia yake, akaipigapiga pajani ili barafu iliyomo vifukoni ivunjike, akaivaa na kukaza mkanda chini ya kidevu. Sinia alikuwa wa nne kwenye foleni. Waliingia, na mlango ukafungwa nyuma yao.

Mlango ulifungwa kwa sababu ya biskuti. Biskuti ikitoka tanurini ikakutana na hewa ya nje hunywa unyevu, na biskuti iliyolegea haina mnunuzi. Feni nazo hazikuruhusiwa, kwa kuwa zilipeperusha unga. Zamani chumba kilikuwa na dirisha moja, likazibwa kwa matofali mwaka ule kiwanda kilipoanza kuuza nje ya nchi.

Kofia zilikuja baada ya watu wawili kuzimia katika wiki moja. Uongozi ulimleta mtaalamu, akasimama karibu na mlango kwa dakika arobaini, kisha akaandika kwamba kichwa ndicho kinachohisi joto kuliko kiungo kingine, hivyo ukipoza kichwa umempoza mtu mzima. Kofia zikanunuliwa. Afisa usalama akapewa kipimajoto chenye umbo la bastola, kile kinacholengwa kwenye paji la uso na kutoa jibu kwa mlio mmoja. Kila baada ya saa mbili alifungua kidirisha kilichokuwa mlangoni, wafanyakazi wakasogea mmoja mmoja, wakainama, wakainua kofia kwa upana wa vidole viwili, naye akawalenga. Thelathini na tatu. Thelathini na mbili na nusu. Aliandika daftarini, akafunga kidirisha. Walimwita Bwana Paji. Alilijua jina hilo na wala hakulichukia.

Sinia mwenyewe alipata jina lake kwa sababu ya kifua kipana na namna alivyobeba trei sita kwa mpigo. Alikuwa na miaka kumi na moja tanurini. Jioni alikaa kwenye kiti cha barazani karibu na mkewe, fundi cherehani wa sare za shule, akamwambia kuwa kichwa chake kilikuwa kama kiazi kilichotolewa jivuni. Ukikishika ganda limepoa, ukikiuma kinakuunguza ulimi. Mkewe alimgusa paji, akalikuta baridi, akamwambia labda ni uchovu. Mkewe alikuja kulikumbuka neno hilo mara nyingi baadaye.

Sinia alikufa siku ya Jumanne, saa nane na robo mchana. Aliweka trei chini taratibu, kwa kuwa hakuwa mtu wa kupoteza mali ya watu, akamuuliza mwenzake mlango uko upande gani. Mwenzake akamwonyesha. Sinia akaelekea upande mwingine, akaketi, kisha akalala. Bwana Paji aliitwa, akapiga magoti, akalenga. Thelathini na mbili nukta nane. Aliandika: hali ya kawaida. Wakamsubiri ainuke, na alipokuwa hainuki wakampeleka hospitali kwenye gari la kusambazia biskuti, kwa kuwa ndilo lililokuwa tupu.

Mochwari ya hospitali ile ilikuwa chini ya mama mmoja mtu mzima aliyeitwa Bi Baridi. Jina alipewa na manesi, kazi aliianza miaka ishirini na sita nyuma, na hakuna aliyewahi kumwona akiharakisha jambo. Kabla jua halijazama mikono ya Sinia ilikuwa imepoa, miguu imepoa, na paji limepoa kuliko vyote. Bi Baridi alipomgeuza kichwa ili amfunge taya, kidole chake cha mwisho kiligusa ndani ya sikio. Akakitoa haraka, kama mtu aliyeshika sufuria akidhani imeshapoa. Alikwenda wodi ya watoto, akaazima kipimajoto cha sikio, akapima upande wa kulia, kisha wa kushoto. Arobaini na mbili nukta moja, pande zote mbili. Akaandika kwenye lebo ya kidole cha mguu na kumwita daktari.

Daktari alikuwa kijana mwangalifu. Alisikiliza kifua muda mrefu: kimya. Alimulika macho: hayakujibu. Kisha akatoa fomu ya kuthibitisha kifo, akafika mstari wa saba, akasimama hapo. Mstari wa saba ulitaka joto la mwili liwe chini ya nyuzi thelathini na tano.

“Huyu amekufa,” daktari alimwambia Bi Baridi. “Ila fomu bado haijamkubali.”

Alisema watasubiri hadi kesho apoe. Kesho yake saa nne asubuhi ilikuwa arobaini na mbili nukta moja.

Mke wa Sinia alikuja na shemeji yake, mdogo wa marehemu, kijana wa miaka thelathini aliyekuwa na mwaka wa pili bila kazi. Walielezwa hali ilivyo. Mke aliuliza kama ni kawaida, Bi Baridi akajibu kuwa hutokea, hasa kwa watu wa kazi za moto, lakini kwa kawaida huisha siku ile ile. Basi wakaanza kumpoza. Walimwekea mabonge ya barafu kuzunguka kichwa, wakambadilishia taulo za maji, wakamfunika nywele kwa mfuko wa barafu iliyopondwa. Bwana Paji aliposikia alituma kofia mpya, ambayo ilikuwa haijapigwa namba, pamoja na salamu za pole. Barafu waliyomwekea kwenye paji haikuyeyuka. Ilikaa pale kutwa nzima na kingo zake, kama jiwe juu ya jiwe. Sikioni hakuna kilichobadilika.

Ndipo Bi Baridi akaivuta stuli, akaketi, akamweleza yule mke jambo ambalo kiwandani hakuna aliyelisema.

“Ubongo haupozwi na ngozi, mwanangu. Unapozwa na damu inayopita. Damu yenyewe ikiwa imechemka mwili mzima, utaweka barafu kichwani mpaka nywele zigande, utaipoza ngozi tu. Mtu hupozwa mikono, miguu, kwapa na kifua, damu ikipoa inapanda juu kuchukua joto. Huyu walimpoza ganda.”

Mke aliuliza sasa wafanye nini. Bi Baridi akasema sasa damu imesimama, hakuna wa kwenda kulichukua joto huko liliko, limejifungia kama chai kwenye chupa.

Siku ya nne, familia ya mzee aliyekuwa kwenye droo ya chini yake ililalamika kuwa mzee wao anatoka jasho. Sinia akahamishiwa stoo ya mashuka. Hapo hakumsumbua mtu, na mashuka yaliyokuja na unyevu kutoka kwa dobi yakakauka vizuri zaidi. Bi Baridi aliendelea kumpima kila saa na kuandika kwenye daftari la shule. Baada ya siku mbili akaona namba zina mpangilio. Saa moja asubuhi joto lilipanda. Saa sita mchana, kwa nusu saa ile ya chakula, lilishuka hadi arobaini na moja, kisha likarudi. Zamu ilipobadilika saa tisa alasiri lilitikisika kidogo, kama mwali wa mshumaa mtu akipita. Alimwonyesha mkewe.

Mke wa Sinia alisoma ukurasa mzima kwa kidole, akaufunga. Alisema mume wake hakuwa mtu wa kutoroka zamu.

Siku hiyo hiyo ilifika barua ya kiwanda. Ilisema kwamba, kwa kuwa hakuna cheti cha kifo kilichowasilishwa, mfanyakazi anahesabiwa kuwa hai, na kwa kuwa yu hai amekosa kazi siku tano bila taarifa, na hilo ni onyo la kwanza. Mke aliikunja akaiweka kwenye droo ya cherehani, pamoja na bobini za uzi.

Siku ya saba wenzake wote wanane walikuja kumwona, wakitokea moja kwa moja kwenye zamu ya asubuhi. Walisimama kati ya mashuka, kofia mkononi. Mmoja wao, mpakuaji aliyekuwa mtani wake wa siku nyingi, alimgusa paji, akamgusa sikio, akasema, “Wewe hata kufa umekufa kibiskuti.” Wakacheka kidogo, kama ilivyo haki ya watani msibani, na mke wa Sinia naye akatabasamu. Bi Baridi alikuwa ameshika kipimajoto. Akamwambia yule mtani asogee. Akampima sikio: thelathini na tisa nukta sita. Akampima wa pili, arobaini. Akawapima wote. Hakuna aliyekuwa chini ya thelathini na tisa, na wote walikuwa na mapaji baridi. Wakatazamana kama watu waliopanda gari moja bila kuulizana linakokwenda. Baadaye mmoja akasema atachelewa, wakaaga, wakatoka.

Mke wa Sinia aliliazima lile daftari kwa Bi Baridi na kwenda nalo kiwandani. Meneja alimpokea vizuri. Alimtolea maji, akampa pole, akalisoma daftari mwanzo hadi mwisho, hata kurasa za nyuma ambazo Bi Baridi aliandika zamu za usafi. Mke aliomba jambo moja: tanuri lizimwe siku moja, au kama haiwezekani mlango uachwe wazi kutwa, mume wake apoe azikwe. Meneja alimweleza kwamba tanuri likizimwa huchukua siku tatu kurudi kwenye joto lake, na kuhusu mlango, yeye kama mama wa nyumbani anajua mwenyewe biskuti ikilala wazi huwaje. Halafu akaligusa daftari kwa kidole.

“Na hizi namba, mama, zimepimwa sikioni. Kiwanda kinatambua paji. Sikio halimo kwenye utaratibu.”

Alimsindikiza mpaka getini mwenyewe, jambo ambalo hakulifanya kwa wageni wengi.

Siku ya tisa, saa mbili asubuhi, simu ya mke wa Sinia iliita akiwa anashona vifungo kwenye shati. Alikuwa yule mtani. Alizungumza kwa sauti ya chini kama mtu aliye chooni. “Shemeji, nenda kwa mtu wako. Wamekuja wakaguzi wa afya kazini. Mlango uko wazi, wameuzuia kwa chungu cha maua, na feni nne zimekodiwa.”

Aliliacha shati kwenye sindano. Alipofika stoo Bi Baridi alikuwa ameshamtuma mtu amwite daktari. Saa tatu ilikuwa thelathini na tisa. Saa tano, thelathini na saba na nusu. Daktari alikuja na fomu yake, akaketi juu ya furushi la mashuka, akaiweka gotini. Saa saba, thelathini na sita nukta nne. Shemeji alikuwa amesimama mlangoni akizuia watu wa usafi wasiingie. Bi Baridi alitaja namba tu. Thelathini na sita. Thelathini na tano nukta saba. Saa nane na nusu, thelathini na tano nukta mbili. Daktari akaitoa kalamu kwenye kifuko cha mbele akaivua kifuniko. Kisha ikawa thelathini na tano nukta moja, na mke wa Sinia akaanza kuhesabu ni nani wa kumpigia simu kwanza kuhusu kaburi.

Kiwandani wakati huo wakaguzi waliandaliwa chai. Walishukuru, wakasema wana sehemu nyingine ya kwenda, wakatoka saa tisa kasoro dakika kumi. Chungu cha maua kikarudishwa mapokezi.

Thelathini na tano nukta moja. Thelathini na tano nukta moja. Thelathini na tano nukta tatu.

Mke wa Sinia aliinuka. Alifunika sikio la mume wake kwa kiganja, akainama mpaka midomo yake ikalifikia sikio la pili.

“Weka trei chini, mume wangu,” alisema. “Umefanya kazi vya kutosha. Weka chini uje.”

Bi Baridi alisubiri kwa heshima, kisha akapima. Thelathini na tano nukta tisa. Daktari akarudisha kifuniko cha kalamu. Alisema samahani, na ilionekana kweli anaomba samahani. Taarifa ya wakaguzi ilibandikwa kantini wiki iliyofuata. Ilisema hewa ya chumba cha tanuri inaridhisha na kwamba kofia za barafu ni mfano wa kuigwa na viwanda vingine.

Siku ya kumi na moja walikuja hospitali meneja, Bwana Paji na mwanasheria mmoja mpole. Msimamizi wa hospitali aliwapokea, kwa sababu naye alikuwa anaihitaji stoo yake. Mwanasheria alikuwa ameusoma mstari wa saba kwa makini, na akagundua kwamba haukusema joto lipimwe wapi. Wakaenda wote hadi kwenye mashuka. Bwana Paji alipiga magoti kama alivyopiga siku ile, akalenga. Kumi na tisa. Akarudia kwa kuwa alitaka kuwa na uhakika. Kumi na tisa.

Daktari alimtazama Bi Baridi kwa muda. Bi Baridi alikuwa anakunja shuka. Daktari akajaza mstari wa saba, akajaza mstari wa nane: moyo kusimama. Akatia saini na kumpa mke wa marehemu asome.

Mke alisoma polepole. Akaomba kwenye mstari wa nane liongezwe neno moja tu, joto.

“Nimeshaandika hapa juu nyuzi kumi na tisa, mama,” daktari alisema bila kumwangalia. “Nikiandika hapa chini amekufa kwa joto, karatasi itabishana yenyewe.”

Mke alisimama na karatasi ile mkononi kiasi cha kumsubirisha kila mtu. Aliwaza kuirudisha. Aliwaza pia siku kumi na moja, na binti zake wawili waliokuwa kwa bibi yao wakiuliza kwenye simu kama baba amezikwa. Hatimaye aliweka saini mahali palipoandikwa ndugu wa karibu. Meneja akampa mkono.

Walimzika kesho yake asubuhi. Wabebaji wa upande wa kichwa walipokezana mara kwa mara, kwa kuwa mbao za jeneza zilikuwa za moto, na mmoja alifunga kitambaa begani. Usiku ule ilinyesha mvua. Mke aliporudi kaburini siku ya tatu, alikuta udongo wote umelowa isipokuwa kiduara upande wa kichwa, kikavu na cheupe, na paka amelala juu yake. Mlinzi wa makaburi alikuwa jirani akifyeka majani. Alimwambia asimfukuze paka, hana madhara. Akamwonyesha kwa panga mstari ule wa makaburi: kulikuwa na viduara vingine vitano, kimoja kimezeeka kiasi kwamba jiwe lake limepasuka. Msimu wa baridi, alisema mlinzi, yeye huleta kiti chake upande huu asubuhi.

Mke aliuliza walikuwa watu gani. Mlinzi akataja kiwanda.

Nafasi ya Sinia ilitangazwa wiki hiyo hiyo. Shemeji alimjia barazani kabla ya kwenda kuomba, akakaa, akazunguka na maneno kuhusu mambo mengine, kisha akamwambia. Alisema anajua tanuri lilimfanya nini kaka yake. Alisema wameitwa watu thelathini kwa nafasi moja, na asipokuwa yeye atakuwa mtu mwingine wa mama mwingine. Mke wa kaka yake aliinuka, akaleta aproni ya marehemu, akamvika. Ilimpwaya kifuani. Akaipunguza upana wa kiganja kila upande, akakata nyuzi kwa meno, akampa.

Bi Baridi alimletea mke wa marehemu kipimajoto cha sikio. Alisema wodi ya watoto wamepata kingine. Tangu siku hiyo, kila jioni shemeji aliporudi, mke wa marehemu alisimamisha cherehani, naye akaketi kwenye benchi na kuinamisha kichwa. Siku ya kwanza ilikuwa thelathini na nane na nusu. Mwisho wa mwezi, thelathini na tisa nukta saba. Mke wa marehemu alikuwa akiweka beseni mbili za maji kivulini tangu asubuhi. Alimtia miguu katika moja na mikono hadi viwikoni katika nyingine, akamfunga kitambaa kilicholowa kwapani na kifuani. Kichwa hakukigusa.

Siku moja kiwanda kilipopata oda kubwa, shemeji alirudi akiyumba, akauliza beseni ziko wapi, na zilikuwa mbele yake. Sikio lilisema arobaini na moja.

“Ngapi?” aliuliza.

Akamwambia.

“Na jana?”

“Arobaini.”

Alitikisa kichwa taratibu, akaingiza miguu majini. Walikaa hivyo, mmoja akimwagia maji mikononi kwa kikombe, mwingine akiwa amefumba macho, mpaka chakula kikawa tayari na namba ikawa imeshuka hadi thelathini na nane. Alikula vizuri. Saa kumi na mbili asubuhi aliondoka, na mke wa kaka yake akatoka kujaza beseni.